Kupenda katuni si utoto

Ngoma ya watoto haikeshi, walisema wahenga wetu, na mtu mzima aonekanaye akiicheza ngoma hiyo hadi usiku wa manane hana budi kuulizwa kama akili zake ni timamu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Jumapili moja hivi karibuni mtaani Kitisuru, katika viunga vya magharibi mwa jiji la Nairobi, nilipoalikwa chakula cha mchana nyumbani kwa mzee mmoja ambaye tumefahamiana kwa miaka mingi. Baada ya kula, mazungumzo yaligeukia bintiye, mhasibu mwenye umri wa miaka 34 ambaye ofisi yake iko Westlands. Shangazi mmoja alikuwa amepita chumbani kwa binti huyo akaona rafu nzima ya vitabu vya katuni vya Kijapani, na ukutani picha za wahusika wenye macho makubwa na nywele za rangi ya samawati. Alirudi sebuleni akiwa ameshika kiuno, akauliza mbele ya wageni, mtoto huyu atakua lini.

Mzee alinigeukia. "Daktari," akasema, "wewe ni mtu wa lugha. Watu kama hawa huitwaje?"

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilitaka kuonyesha elimu yangu. Nikasema kwamba Wajapani wana neno lao, kwamba watu kama hao huitwa otaku, na kwamba maana yake ni mtu mzima aliyezama katika katuni hata akaisahau dunia. Wageni wakacheka. Binti hakucheka. Alikusanya sahani zilizokuwa mezani, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, unajua neno hilo lilianzia wapi?" Sikujua. Akanieleza kwamba maana yake ya asili ni "nyumbani kwako", halafu akaenda zake jikoni. Nimefundisha isimu kwa muda mrefu, na nakiri kwamba sijawahi kurudishwa darasani kwa upole kama ule.

Tangu siku ile nimeifuatilia historia ya neno hilo, na naamini kwamba ina funzo kwetu sisi walimu na wanafunzi wa Kenya. Funzo lenyewe ni hili: jamii inapokubali kumhukumu mtu kwa kitu anachokipenda, hukumu hiyo huanzia katika jina, na huchukua miaka mingi kuifuta.

Katika Kijapani, "taku" ni nyumba, na "o" ni kiambishi cha heshima. Otaku basi ni nyumba ya mtu umheshimuye, na kwa njia ya adabu neno hilo hutumiwa kumrejelea mwenye nyumba mwenyewe, hasa mtu usiyezoeana naye sana. Msomaji asilione jambo hilo kuwa la ajabu. Mswahili akikutana na rafiki yake barabarani humwuliza, "Nyumbani hawajambo?" na kila asikiaye anaelewa kwamba wanaoulizwa hali si kuta wala mapaa, bali mke na watoto. Nyumba husimama mahali pa mtu ili mtu asitajwe waziwazi. Uungwana ni uleule, lugha ndizo mbili.

Mnamo Desemba 1975 mjini Tokyo lilianzishwa soko la vitabu vya katuni liitwalo Comiket, ambako vijana wasiojuana walikutana kuuziana vitabu walivyochora wenyewe. Miongoni mwa vijana wa aina hiyo yalizuka mazoea ya kuitana otaku, kwa adabu iliyopita kiasi kidogo. Mwaka 1983 mwandishi Nakamori Akio aliwacheka katika safu yake ya jarida. Aliwaeleza kuwa watu wasiojua kuvaa wala kuchangamana na wenzao, akalichukua lile neno lao la heshima akawabandika kama lakabu. Likaacha kuwa kiwakilishi, likawa nomino. Hata maandishi yakatengana: neno la adabu likabaki na herufi zenye asili ya Kichina, na la dharau likazoea kuandikwa kwa herufi za sauti tupu.

Maneno kushuka hadhi si jambo geni kwetu. Mshamba alikuwa mtu wa shamba tu, mkulima aliyelilisha jiji, kabla watu wa mjini hawajaamua kwamba atokaye shamba hana adabu. Mhuni, katika kamusi za zamani, alikuwa mtu asiye na makazi wala mke. Leo ni mhalifu. Katika maneno yote mawili, walioitwa hivyo hawakubadilika. Waliobadilika ni waitaji. Ni vyema mwanafunzi wa lugha alikumbuke hilo kila aonapo neno limegeuka kuwa tusi.

Kwa neno otaku, pigo kubwa lilikuja Julai 1989. Polisi walimkamata kijana mmoja aitwaye Miyazaki Tsutomu, ambaye kati ya mwaka 1988 na 1989 alikuwa amewaua wasichana wadogo wanne. Unyama wake hauna maelezo yanayotosha. Lakini waandishi wa habari walipoingia chumbani kwake walipiga picha rafu zilizojaa kanda za video zaidi ya 5,000, na picha hiyo ikawa ndiyo maelezo. Katuni zilimharibu, ilisemekana. Naye akaitwa "muuaji otaku". Kuanzia hapo kijana wa Kijapani aliyekuwa na rafu ya katuni chumbani mwake alitazamwa na jirani kwa jicho la pembeni, na mama mzazi akajiuliza usiku kama mwanawe naye si mmoja wao.

Samaki mmoja akioza, twasema, wote wameoza. Methali hii ni ya kweli kwa samaki waliowekwa katika tenga moja. Binadamu hawavuliwi kwa wavu mmoja. Katika mwezi huohuo wa Julai 1989, Miyazaki mwingine kabisa, Hayao, alitoa filamu ya katuni iitwayo Kiki, kuhusu msichana mdogo mchawi anayejifunza kujitegemea katika mji wa ugenini. Watazamaji walijaa kumbi za sinema, ikawa mojawapo ya filamu za Kijapani zilizopendwa zaidi mwaka huo. Majina mawili ya ukoo yaliyofanana, mmoja muuaji na mwingine msanii, na mashabiki wakapimwa kwa muuaji.

Je, Wajapani waliwasamehe lini wapenzi wa katuni? Jibu si la kupendeza. Walianza kuwasamehe pale nchi za nje zilipoanza kulipia. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1990 mtayarishaji Okada Toshio alijitokeza hadharani kuwatetea otaku, akaandika kitabu na hata kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Lakini mlango ulifunguka hasa baadaye. Mwaka 2003 filamu nyingine ya Miyazaki Hayao, Spirited Away, ilitunukiwa tuzo ya Oscar. Mwaka 2004 kilitoka kitabu kuhusu kijana otaku aliyewatetea wanawake dhidi ya mlevi ndani ya treni na hatimaye akapata mchumba. Mwaka uliofuata kikageuzwa filamu na tamthilia ya televisheni, na taifa likatokwa machozi. Mwaka 2008 Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani ilimteua Doraemon, paka wa katuni, kuwa balozi wa heshima, na katika mwaka huohuo Aso Taro, mwanasiasa asiyeficha mapenzi yake kwa vitabu vya katuni, akawa Waziri Mkuu.

Hata hivyo, dharau ilikuwa imelala tu. Mnamo Juni 8, 2008, mtu mmoja aliwaua watu 7 katika mtaa wa Akihabara, ambao ndio kitovu cha maduka ya katuni mjini Tokyo, na mara ile hadithi ya mwaka 1989 ikafufuliwa. Leo hali ni nafuu zaidi. Mwaka 2020 filamu ya katuni iliyotokana na masimulizi ya Kimetsu no Yaiba ilizipita filamu nyingine zote katika historia ya Japani kwa mapato, na hapana mtu atakayeniambia kwamba tiketi hizo zote zilinunuliwa na watoto. Vijana wengi sasa hujiita otaku wenyewe bila haya. Lakini bado lipo neno jingine, "kakure otaku", yaani otaku aliyejificha: karani au mwalimu ambaye ofisini hasemi kamwe alichofanya mwishoni mwa juma. Neno "kakure" ndilo lililotumiwa kwa Wakristo wa Japani walioficha dini yao enzi za mateso. Nchi inauza katuni ulimwenguni kote, na bado baadhi ya wazipendao huzisoma kwa siri. Bidhaa imepata heshima kabla ya mtu.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Wakenya hatukuwa na mwaka 1989. Hakuna mhalifu wetu ambaye kwa ajili yake tungewashuku wasomaji wa katuni. Dharau yetu basi yatoka wapi? Nadhani yatoka katika dhana moja ambayo hatujawahi kuichunguza, kwamba kilichochorwa ni cha mtoto, na kilichoandikwa kwa maneno matupu ni cha mtu mzima.

Historia yetu wenyewe inaikanusha dhana hiyo. Wazee waliosoma Taifa Leo wanamkumbuka Juha Kalulu wa mchoraji Edward Gitau, ambaye kwa miongo kadhaa alianguka mashimoni, akadanganywa na matapeli na kugombana na mkewe kwa niaba yetu sote. Waliokuwa wakimsoma Juha Kalulu si watoto. Walikuwa makarani, madereva, askari na walimu, na wengi wao walimfikia yeye kwanza kabla ya habari za ukurasa wa mbele. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, lililodumu hadi 1979, na ndani yake maisha ya mfanyakazi wa Nairobi, kodi yake ya nyumba, pombe yake na hofu zake, yalielezwa kwa michoro. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufanya kazi miongoni mwetu hadi alipofariki katika ajali ya matatu jijini Nairobi mwaka 2012, alibuni masimulizi ya Akokhan, ambamo uchawi na ushujaa wa Kiafrika vilipewa upana wa tendi. Gado, aliyetoka Tanzania akaanza kuchora katika Daily Nation mwaka 1992, aliwafanya wakubwa wa serikali wafungue gazeti asubuhi kwa wasiwasi. Na tangu mwaka 2010 jarida la Shujaaz, lililochorwa na kuandikwa kwa Sheng, limezungumza na vijana kuhusu kilimo, kura na ajira. Mwaka 2012 likatuzwa Emmy ya kimataifa.

Jamii yenye urithi huu ina haki gani kumwambia mhasibu wa miaka 34 kwamba hajakua kwa kuwa anasoma michoro? Yule shangazi mwenyewe, nina hakika, hufungua gazeti penye katuni kwanza.

Wako watakaosema kwamba tatizo si michoro, ni kule kuzama. Mtu mzima, watasema, haifai azame hivyo katika mambo ya kubuni. Basi na tuwatazame wanaume wa jiji hili Jumamosi jioni. Mtu mwenye mvi huvaa fulana ya Arsenal yenye jina la kijana aliye rika la mwanawe, akaketi baani kwa saa mbili akifoka, akashindwa kula chakula cha usiku kwa kuwa watu 11 asiowajua wamefungwa bao katika mji asiowahi kufika. Ana kikombe cha timu, shuka ya timu na wimbo wa timu. Hakuna shangazi amwulizaye atakua lini. Huyo huitwa shabiki, na neno hilo halina aibu. Wapo pia waungwana wa Kitisuru na Loresho watumiao Jumamosi nzima kukifukuza kijipira cheupe nyasini. Sisemi haya kwa kuwakejeli. Nami nina timu yangu. Nasema tu kwamba kipimo tunachokitumia si kuzama. Kipimo ni mazoea. Upenzi uliozoeleka huwa burudani, na usiozoeleka huwa ugonjwa.

Kwa mwanamke kipimo hicho huwa kizito maradufu. Nilipokuwa nikiondoka siku ile, nilisikia lawama ya pili ikinong'onwa: kwamba ndiyo maana hajaolewa. Mwanamume mwenye rafu ya katuni huambiwa ni mtoto. Mwanamke mwenye rafu hiyohiyo huambiwa ni mtoto, kisha hukumbushwa umri wake.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni madogo, kwamba mzaha wa sebuleni haumuui mtu. Nitaje basi hasara mbili ambazo naziona kuwa kubwa.

Hasara ya kwanza ni ya watoto wenyewe. Kwa kuwa tumeshikilia kwamba kila katuni ni ya mtoto, tunamketisha mtoto mbele ya katuni yoyote tukaenda kupika. Wajapani wanaochora vitabu hivyo hawafanyi kosa hilo. Tangu mwaka 1957 mchoraji Tatsumi Yoshihiro alibuni neno "gekiga" ili kazi zake zenye mambo mazito zisichanganywe na michoro ya kuchekesha ya watoto, na hadi leo majarida yao hutenganishwa kwa wasomaji: "shonen" ya wavulana, "shojo" ya wasichana, "seinen" ya wanaume vijana, "josei" ya wanawake watu wazima. Mwaka 1988 Takahata Isao alitengeneza filamu ya katuni ambayo jina lake twaweza kulifasiri Kaburi la Vimulimuli. Inasimulia watoto wawili yatima wanaokufa kwa njaa Japani ikishindwa vita mwaka 1945. Nimeitazama, na siku mbili nzima sikuwa na maneno. Mzazi aionaye michoro yake mizuri kwenye jalada akamwekea mtoto wa miaka 5 amemtendea mtoto huyo ukatili bila kujua. Mwaka 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini ilitangaza marufuku dhidi ya katuni kadhaa za televisheni, na mjadala uliofuata uliendeshwa kana kwamba katuni zote duniani zilitungiwa watoto. Hatukujiuliza ipi ni ya nani. Hatuwezi kuwalinda watoto dhidi ya kitu tusichokubali kwamba ni cha watu wazima.

Hasara ya pili inanigusa mimi na walimu wenzangu, nami sina budi kuitoa kama ungamo. Miaka michache iliyopita nilikwenda katika shule moja ya sekondari kumtathmini mwanafunzi wangu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Kijana huyo alifundisha uakifishaji katika kidato cha pili. Alichora ubaoni mraba baada ya mraba, watu wawili wakibishana ndani ya matatu, na maneno yao ndani ya mapovu, lakini bila alama yoyote ya uakifishaji. Kila mwanafunzi alitakiwa aende ubaoni atie alama moja na aeleze jinsi maana ilivyobadilika. Darasa lilichangamka hata kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Katika chumba cha walimu nilikuta beji ya mhusika wa katuni ya Kijapani kwenye mkoba wake, na nikakuta walimu wakubwa wakimcheka. Mmoja aliniambia, "Huyu mnatuletea bado ni mtoto." Nami, kwa kuogopa kuonekana mtetezi wa mambo ya kitoto, nilimpa alama za wastani kwa haiba ya mwalimu. Katika nafasi ya maoni niliandika neno moja: hajakomaa.

Somo lake lilikuwa bora kuliko masomo yote niliyoyaona muhula ule. Nilijua hivyo nilipokuwa nikiandika. Nililipima vazi la somo nikaliacha somo lenyewe. Kijana huyo hakuwahi kuniuliza sababu ya alama zile, na baadaye nilisikia kwamba ameacha ualimu. Sitadai kwamba ni kwa ajili yangu. Lakini kila nionapo darasa likisinzia mbele ya mwalimu mwenye haiba kamili, namkumbuka.

Yanipasa pia kuwa mwaminifu kwa upande wa pili. Si kila katuni ya Kijapani inafaa kutetewa. Zipo zenye picha za aibu, na nyingine huwachora wasichana wadogo kwa namna ambayo mzazi yeyote ataichukia. Japani yenyewe ilipopiga marufuku kumiliki picha za ngono za watoto mwaka 2014, iliiacha michoro nje ya sheria hiyo, na wengi, nami nikiwamo, tunaona kwamba swali hilo halijajibiwa. Vilevile wapo watu, wachache, ambao hukimbilia katika kubuni kwa kuwa maisha yamewashinda, wakajifungia, wakaacha kazi na jamaa. Hao wanahitaji msaada. Lakini mlevi hatumtibu kwa kuwatukana wote waonjao mvinyo, na riwaya chafu haijatufanya tuifunge maktaba. Tumwulize mtu anasoma nini, kinasema nini, na maisha yake yanakwendaje. Tukipata majibu mabaya, tuseme kwa jina la ubaya huo. Tukipata kwamba ana kazi, analipa kodi, anawatunza wazazi wake na jioni anasoma vitabu vyenye michoro, hatuna la kusema.

Kwenu walimu, nasihi yangu ni nyepesi. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika shule za sekondari za juu, na mwanafunzi akichora pembezoni mwa daftari lake huenda anafanya kile ambacho serikali imesema ni elimu. Kabla ya kulinyakua daftari, lisome. Aidha, mwanafunzi ajifunzaye maneno ya Kijapani peke yake ili aelewe masimulizi ayapendayo amefanya jambo ambalo sisi tunashindwa kumfanyisha kwa kiboko na kwa zawadi: amejifunza lugha kwa mapenzi. Tuchukue mfano huo tuulize kwa nini hamna masimulizi ya Kiswahili yanayomvuta hivyo. Fumo Liyongo ana yote ayatakayo mchoraji, nguvu, shairi, usaliti na sindano ya kitovuni, na angali anamsubiri kijana wa kumchora kwa kurasa 1,000.

Kwenu wanafunzi, msiwe wepesi wa kubandika majina. Neno "mtoto" likielekezwa kwa mtu mzima ni tusi, hata likisemwa kwa kicheko. Utu uzima dawa, walisema wahenga, na dawa hiyo hujulikana kwa jinsi mtu anavyobeba wajibu wake. Haijulikani kwa kilicho kwenye rafu yake.

Nilirudi Kitisuru majuzi. Mzee aliniuliza kwa utani kama nimekwisha kupata jina la watu kama bintiye. Nilimwambia kwamba jina analo, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyempa siku alipozaliwa. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo, akamwita binti kwa jina lake aje akae nasi. Nilimwomba radhi mbele ya babake, kwa kuwa mbele ya babake ndipo nilipomkosea. Aliipokea radhi, akaenda chumbani akarudi na kitabu kimoja, akaniazima. Alinionya kwamba nisikianze upande niliouzoea, kwa sababu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Nikamjibu kwamba hilo halitanisumbua: tendi zetu za kale, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu huko Lamu na Pate, zilisomwa vivyo hivyo. Nimefika katikati, na sijaona utoto wowote bado.